Kiarabu cha Jikoni cha Terry Kemunto

Terry Kemunto alifika Dubai mwaka 1999 akiwa na cheti cha kupiga chapa kutoka Nakuru, akapata kazi ya nyumbani katika villa moja ya Mirdif. Madam wake, Hind, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mcheshi aliyesahau funguo kila mahali. Chumba cha Terry kilikuwa kando ya mashine ya kufulia, na Ijumaa alipewa ruhusa ya kwenda kanisani na kurudi.

Mwaka uliofuata shule ilimtaka Hind atengeneze ukurasa wa darasa lake kwenye mtandao. Hind alichapa kwa kidole kimoja. Terry, aliyekuwa akifuta meza, alivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili akashindwa.

"Madam, nipishe hapo. Wewe sema, mimi nitaandika."

Hind akasema, Terry akaandika kwa vidole kumi bila kutazama chini. Hind alipiga makofi kama aliye harusini.

Kulikuwa na kampuni huko Marekani iliyompa mtu yeyote nafasi ya ukurasa bure. Ulichagua mtaa unaoupenda, ukapewa namba ya nyumba, na wao wakajilipa kwa kukujazia matangazo ya kumetameta juu ya ukurasa. Ukurasa wa darasa ulipokwisha, Hind alisema, "Yalla, Terry, chukua na wewe wako. Si ni bure?"

Terry akapewa nyumba namba 4172. Siku tatu hakujua aweke nini humo. Halafu akakumbuka wiki zake za kwanza, alipoambiwa alete maji naye akaleta ufagio. Akajua la kuandika.

Mwalimu wake alikuwa Bi Khairiya, mzaliwa wa Unguja aliyeishi villa ya pili kwa mwanawe, na aliyekijua Kiarabu cha Dubai sawasawa na Kiunguja chake. Walizungumza ukutani, Terry akimwagilia maua, karatasi na kalamu mfukoni mwa aproni.

"Mai ni maji, mwanangu. Yibi ni lete, ukiambiwa wewe mwanamke. Sakri el-bab, funga mlango. Na ukisikia wayid, hiyo ni sana tu, usibabaike."

Ukurasa ukaitwa *Kiarabu cha Jikoni*. Ulikuwa na herufi za njano juu ya rangi ya buluu, nyota zinazozunguka, na picha ya mtu mwenye sepetu kuonyesha kwamba kazi bado inaendelea. Chini kabisa kulikuwa na tarakimu za kuhesabu waliopita, na kitabu cha wageni. Mwezi mzima mgeni alikuwa Terry mwenyewe, na Hind, aliyemfungulia ukurasa huo kila rafiki aliyekuja kunywa kahawa. Kisha mtu akaandika kutoka Muscat. Akafuata mwingine wa Kampala. Msichana wa Kitale aliandika kwamba yeye na wenzake wameuchapisha kwenye saiba, duka la intaneti la mtaani, na kuugawana, nao wanasafiri Jumatatu. Mwanamume wa Mombasa aliomba kumuoa. Terry alimjibu kwa adabu kwamba ukurasa huu ni wa jikoni tu.

Kila alipopata nafasi, Hind akimwachia kompyuta, aliongeza maneno. Yalifika mia moja na arobaini. Nyumbani kwao Keroka hakuna aliyeelewa alichokuwa akieleza kwa simu, lakini mama yake alitangaza kanisani kwamba binti yake ana nyumba Marekani.

Familia ya Hind ilihamia Abu Dhabi mwaka 2006. Terry akapata kazi katika kampuni ya usafi huko Al Qusais, papo hapo Dubai, akapanda hadi kuwa msimamizi. Shughuli zikamzidi, na ukurasa akauacha kama ulivyo. Siku moja mwishoni mwa 2009 alitaka kumwonyesha mwenzake kazini. Ukurasa haukufunguka. Akajaribu tena, akaona maandishi yanayosema hakuna kitu hapo. Akampigia Hind.

"Khalas, ndiyo basi, Terry," Hind alisema kwa huruma. "Wamefunga kurasa zote za bure. Hata ule wa darasa langu umekwenda."

Onyo lilikuwa limetumwa kwa barua pepe ambayo Terry alikwisha kusahau neno lake la siri. Maneno angeweza kuyaandika upya. Kilichomliza ni kitabu cha wageni, maana wale watu hakuwa na njia nyingine ya kuwapata. Alilia chooni dakika tano, akanawa uso, akarudi kazini.

Miaka ikapita. Leo Terry ndiye anayewafundisha wafanyakazi wapya wa kampuni. Mwaka jana, katika darasa la jikoni, alipanga vitu mezani na kumwambia msichana aitwaye Carolyne amletee thum, yaani kitunguu saumu. Carolyne akainua kitunguu maji, kifua mbele.

"Hicho ni basal," Terry alisema.

"Hapana, madam. Basal ni hiki kidogo. Iko kwa kitabu yangu."

"Kitabu gani?"

Carolyne akatoa daftari lililofungwa kwa nailoni. Alilinakili kwa shangazi yake, aliyelinakili kwa rafiki, ambaye alikuwa na karatasi za saiba. Terry akasoma mstari wa kwanza: *Kwanza kabisa, vua viatu mlangoni.* Akaketi juu ya gunia la mchele. Maneno yalikuwa yake, na kosa lile pia. Aliyapishanisha majina ya vile vitunguu wakati akichapa haraka, akasahihisha baada ya wiki mbili Bi Khairiya alipomcheka, lakini kumbe kuna waliokwisha kuchapisha.

"Hapa mwisho pameandikwa Terry, nyumba 4172," alisema. "Unamjua huyo?"

"Sijui, madam. Shangazi alisema ni mzungu fulani."

Terry alicheka mpaka akashika mbavu, na alipoweza kusema aliwaeleza. Wasichana kumi na wawili wakapiga vigelegele. Carolyne akaziba uso kwa daftari.

Lakini kilichomfurahisha zaidi alikiona baadaye, alipolipitia daftari taratibu. Maneno hayakuwa mia moja na arobaini tena. Yalikuwa mia tatu na kitu: ya Riyadh, ya Doha, ya Beirut, kila moja limeongezwa na mtu asiyemjua.

Jumapili akampeleka Carolyne kwa Bi Khairiya, ambaye sasa anakaribia miaka tisini.

"Shikamoo, Bi Khairiya."

"Marahaba, wanangu. Hebu nione hilo daftari."

Alisomewa neno baada ya neno, akakubali mengi, akayagombeza ya Beirut. "Hawa wanasema hivi kweli? Lo! Basi yaacheni, ni yao."

Hind aliposikia, alijitolea kulipia tovuti mpya. Terry alishukuru, akasema iwepo, ila kwanza anataka kitu cha kushika mkononi. Wakachapisha vijitabu mia katika duka la vifaa vya ofisi pale Al Qusais, kurasa kumi za mwisho zikiachwa tupu. Mwenye duka aliuliza kwa nini anapoteza karatasi.

"Hizo ni za wenyewe, watajazia yao," Terry alimwambia, akabeba boksi lake.