Jina la Mtoto wa Kwanza

Gari la jeshi lilifika kwetu Maliba saa tatu asubuhi, likasimama chini ya kilima kwa sababu njia ya kupanda ni ya miguu tu. Nilikuwa nimetoka Bwera jana yake kumsaidia mama kuvuna kahawa. Tuliwaona wakipanda: mwenyekiti wa kijiji mbele, na nyuma yake afande aliyeshika kofia mkononi. Mama aliachilia kikapu. Kahawa mbivu ziliviringika mteremkoni, nyekundu, wala hakuna aliyeziokota.

Kaka yangu alikuwa Somalia na jeshi, mwezi wa saba sasa.

Afande alikuwa kijana wa kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. Alisoma karatasi. Alitaja majina mawili, la kuzaliwa na la ubatizo, yote mawili ya kaka. "Kambi yao ilishambuliwa. Pole, mama. Alikuwa askari mzuri." Mama alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Kwetu mwenye msiba hagusi chungu. Majirani ndio wanaopika, na wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, rafiki wa mama tangu ujana. Mwanawe naye alikuwa Somalia. Alikuja na unga wa muhogo kichwani na mwiko wake mwenyewe, akawasha moto uani, akaanza kusonga bundu, ugali wa waombolezaji, huku akilia bila sauti. Kila nilipoinuka alinikemea. "Kaa, mwanangu. Leo huna kazi."

Kufikia saa sita wanaume walikuwa wameanza kubishana chini ya turubai.

"Hawa Wasomali walitukosea nini?" aliuliza baba mdogo.

"Ungeuliza hivyo wakati kijana anakuezekea nyumba mabati kwa pesa za huko," mwenyekiti akamjibu.

"Basi yang'oeni. Mnirudishie mtoto."

Mama mmoja wa Beni, ng'ambo ya mpaka, mfanyabiashara aliyekuja na wanawake wa soko la Mpondwe, alitikisa kichwa. "Kwetu vita inakuja yenyewe mpaka ku nyumba. Nyinyi munaifwata na ndege."

Watu wawili walicheka, kisha wakaona aibu.

Hapo simu yangu ikalia. Namba ilikuwa ndefu, ya nje. Nikaenda nyuma ya migomba.

"Dada," ilisema sauti ya kaka. "Nani amewaambia nimekufa?"

Nilishika mgomba. Nadhani nilimuuliza yuko wapi, kana kwamba marehemu anaweza kutaja mahali.

"Niko kambini, mzima. Watu wananiandikia 'pumzika kwa amani' kwenye simu yangu mwenyewe." Akashusha sauti. "Aliyekufa ni mwenzangu wa ng'ambo ya mto. Nilimbeba mimi mwenyewe hadi kwenye gari. Mama yake ameshaambiwa?"

Sisi Wakonzo hatuchagui jina la kwanza. Mtoto wa kwanza wa kiume ana jina lake, wa pili lake, hivyo hivyo hadi wa mwisho, katika kila nyumba ya milima hii. Hawa wawili walikuwa wa kwanza wote, na walibatizwa Jumapili moja kwa jina moja kwa sababu mama zao walipendana. Ndiyo maana hapa kwetu ukitajiwa mtu, kabla ya kumlilia au kumcheka, unauliza: yupi, wa nani? Afande hakujua kuuliza. Mwenyekiti alizaliwa hapa, lakini siku hiyo alimwona mwanajeshi na karatasi yenye muhuri, akaonyesha nyumba iliyo karibu zaidi na barabara.

Kaka alikuwa hai. Furaha ilinipanda kifuani, kubwa, na papo hapo nilitaka kuitapika. Kupitia majani ya migomba nilimwona jirani yetu akipangusa jasho kwa kiwiko. Alionja mchuzi wa maharage, akaongeza chumvi, akamwita mama kwa upole: "Njoo ule kidogo, dada. Mwili hauwezi kulia ukiwa na njaa."

Nilikata simu. Nilitembea hadi motoni. Nilikuwa nimepanga kumwita mama kwanza, au mwenyekiti, mtu yeyote mwenye mvi. Miguu ilinipeleka kwa jirani yetu.

"Mama mdogo," nikasema, "nipe mwiko."

"Tangu lini mfiwa anapika?" Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyechanganyikiwa na majonzi. "Rudi ukakae na mama yako."

"Nipe tu. Kaka amepiga simu. Sasa hivi."

Uso wake ulianza kung'aa kwa ajili yetu. Aligeuka kumtafuta mama ampe habari njema, mdomo ukiwa umeshafunguka. Kisha akaona mkono wangu, bado umenyooshwa, ukisubiri mwiko.

Akautazama mwiko. Akautazama moto aliouwasha mwenyewe.

"Yupi?" akaniuliza.