Jinsi Chuma Kinavyobeba Maji

Mama mwenye ploti tunayopanga, pale mtaani Kongo, Kawangware, alitaka kupandisha tangi kubwa la maji juu ya stendi ya chuma, karibu na mahali wapangaji wanapofulia. Akaniuliza, "Injinia, hii itashika?"

Nilikuwa nimemaliza chuo juzi tu. Kila mtihani niliofanya, jibu likikosewa lilikosewa kwenye karatasi. Hili lingemwangukia mtu kichwani. Nikamwomba asubiri.

Nikaenda Kibera kwa rafiki yangu wa chuo, ambaye kwao ni nyuma ya Soko la Toi. Alikuwa na programu ya kompyuta inayokata kitu vipande vidogo vidogo, kisha inakokotoa jinsi kila kipande kinavyomsukuma jirani yake. Alinifundisha mwanzo wake: chora miguu, iambie ni chuma gani, ifunge chini, weka uzito wa maji juu. Nikabonyeza. Stendi ikapinda kama mlevi.

"Inaanguka!" Nilishatoa simu nimpigie mama.

"Tulia, buda. Picha imekuzwa ndio uone. Soma namba."

Namba ilisema chuma kimesogea kiasi cha unene wa karatasi.

"Na kama inadanganya?"

"Jumlisha nguvu ambayo ardhi inarudisha juu kwa kila mguu. Lazima ilingane na uzito."

Nikajumlisha, nikarudia, maana sijiamini. Ilikuwa sawasawa na uzito wa maji niliouweka. Hakuna hata tone lililopotea njiani. Kanuni hiyo, kwamba ardhi hurudisha kila uzito inaobebeshwa, nilikuwa nimeiandika miaka mingi bila kuiona. Sasa uzito ulikuwa unateremka mbele yangu, kipande kwa kipande, hadi udongoni.

Kisha, humo humo kwenye kompyuta, tukaisukuma kwa upande, kama upepo. Viungo vya juu vikawa vyekundu, yaani vimezidiwa. Tukaongeza vyuma vya mshazari, wekundu ukafifia.

"Hivyo vyuma vingine ni vya nini?" mama akauliza niliporudi kwenye ploti na mchoro. "Fundi hakuvitaja."

"Bila hivyo, mama, siwezi kusema ndiyo."

"Na ikianguka?"

"Mimi ndio nitakuwa nimesimama chini."

Akacheka, akamwita fundi.

Siku ya kujaza tangi nilisimama pale kweli, kiganja kwenye mguu mmoja wa stendi, maji yakipanda juu yangu. Sikuhisi chochote. Lakini nilijua chuma kile kinapinda, kidogo sana, kikipokea kila ndoo. Nyuma yangu mtu alikuwa ameshafungua mfereji na kuanza kufua.