Maji ya Mikono ya Bibi Malee

Nakumbuka siku moja kwa mlio wa kinu. Du, du, du, halafu kijiko kinagonga ukingoni. Hapa hapa Maryland, mwanangu, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikashuka garini nikidhani nimerudi kwetu Muheza.

Ulikuwa mtaa wa soko mbele ya hekalu la Wabudha, hekalu la siku nyingi, walilolijenga Wathai wa mwanzo kufika huku. Mama mmoja alikuwa anatwanga papai bichi na pilipili. Pembeni wali wa nazi, maembe, samaki wa kuchoma, moshi mtupu. Na mimi nilivyokuwa! Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini ndoto zangu zilikuwa za mtu mwenye digrii tatu. Pale pale nikaanza kuchagua meza nitakayouzia maandazi.

Aliyetaka twende ni Bibi Malee, mzee wa Kithai niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake, kumwogesha na kumpikia. Mwanawe wa pekee aliishi California. Gari lilikuwa la Wanjiru, Mkenya niliyekaa naye Temple Hills.

"Ukiendelea kuonja hivyo," Wanjiru akaniambia, "watakuuzia mpaka hekalu."

Uani wazee walikuwa wameketi kwa safu. Ulikuwa mwaka mpya wao. Vijana walipita na bakuli za maji yenye asumini, wanapiga magoti, wanamimina polepole kwenye viganja vya wazazi wao, nao wazazi wanawabariki. Bibi Malee akaketi. Akanipa bakuli lake la shaba, alilokuwa amelifunga kwenye kitambaa tangu asubuhi. Akakinga mikono.

Nikaganda. Sanamu ya dhahabu ilikuwa inanitazama kutoka mlangoni. Nikawaza kanisa letu, nikawaza nani ataniona.

"Samahani, bibi. Mimi Mkristo. Siwezi kuabudu huku."

"Maji tu, mtoto," akasema kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. "Maji tu."

Nikaliweka bakuli chini, nikarudi kwenye papai. Nilipogeuka, mikono yake bado ilikuwa imekingwa. Wa kulia kwake anamiminiwa, wa kushoto anamiminiwa. Mwishowe akaifuta kwa leso, mikono mikavu ile, akaikunja mapajani.

Tulipokwisha kumfikisha kwake, Wanjiru hakuwasha gari.

"Kwenu mgeni akija kula, mnamnawisha ama mnamrushia sabuni?"

"Tunamnawisha."

"Nani?"

"Mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa namnawisha bibi yangu."

"Ukipiga magoti?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi leo umekataa kumnawisha mama ya mtu, na ukamsingizia Yesu."

Nilikusudia kumwomba Bibi Malee radhi kesho yake. Kesho ikawa keshokutwa. Yeye hakubadilika, aliendelea kuniita mtoto, nami nikajidanganya kwamba yamekwisha. Nikapanga mwaka mpya ujao niwe wa kwanza na bakuli. Mwaka haukufika. Mwanawe alikuja kumchukua, akahamia naye California, siku ambayo haikuwa zamu yangu. Niliporudi na ufunguo wangu, nikakuta kitanda hakina shuka.

Mwanangu, wewe unayenisikia kwa Kiswahili ukanijibu kwa Kiingereza, shika hili. Imani yako itunze, sijakuambia uiache. Lakini mzee akikukingia mikono, muulize anataka nini kabla ya kumwogopa. Na neno la radhi usiliweke mpaka mwakani, maana mwakani si lako wala si lake. Mungu akupe macho ya kumtambua mama hata akiwa na uso wa watu wengine, na uzeeni mwako usikose mtu wa kukumiminia maji.

Mimi siku ile ya kitanda kitupu nilikuta chungu alichopandia asumini kimeachwa sakafuni, chini ya dirisha, udongo umepasuka kwa ukavu. Nyumba nzima kimya. Nikachota maji kwa kikombe, nikapiga magoti, nikamimina polepole, kwa mikono miwili.