Ubao Uliochongwa Kinyume

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo, tena nilizipanga vizuri. Ya kwanza, yule binti alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi. Ya pili, fundi mkuu alikuwa akicheka naye. Ya tatu ndiyo iliyoniuma hasa: kazi niliyoifanya mimi kwa siku mbili, yeye aliimaliza kabla chai yangu haijapoa.

Karakana yetu iko Ukunda. Tunachonga milango na vitanda vya mahoteli ya Diani na nyumba za wageni za Galu. Siku hizi kuna mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, na patasi zimebaki za kumalizia tu. Michoro hutoka kwa mchoraji aliye Nairobi. Hatumi picha bapa. Hutuma umbo zima la mlango, na kina chake na mwinuko wake, unaweza kulizungusha kwenye kioo cha kompyuta ukaliona mbele na nyuma. Taabu ni kwamba faili zake ni za aina moja na mashine yetu husoma aina nyingine. Lazima mtu akae katikati azibadilishe, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilifungua faili moja, nikalisimamisha umbo maana kila mara lilikuja limelala chali, nikapima, nikahifadhi kwa aina ya pili, nikafunga, nikafungua nyingine. Kazi ya hoteli moja ilikuwa na vipande arobaini na ushei. Macho yaliniwasha na mgongo ulinikaza, lakini nilipenda. Fundi mkuu, ambaye karakana ni yake, hakuanza lolote bila mimi. Mteja akiuliza swali, alimwambia aje aniulize. Nilitoka Msambweni binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, sijui msumeno wala randa, na wanaume wazima wakanisubiri mimi ndipo wawashe mashine. Nilijiona mtu, sitaficha.

Ndipo akaja huyo binti. Kwao ni upande wa Shimba Hills, kwenye skimu ya makazi, wazee wake walitoka bara wakapewa mashamba wakapanda michungwa. Watu wa kanisa, watu wa heshima zao. Alikuwa amesomea kompyuta Mombasa. Wiki yake ya pili alisimama nyuma yangu akanitazama nikifungua na kufunga, kisha akaniuliza kwa adabu mbona sikuandika skripti. Nikamuuliza skripti ni mdudu gani.

Alifungua dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, akaandika mistari michache, akanieleza kuwa hayo ni maagizo tu: chukua kila faili iliyo humu, lisimamishe umbo, lihifadhi kwa aina ile nyingine, nenda kwa inayofuata. Akabonyeza. Majina ya faili yakaanza kuteremka kwenye kioo, moja baada ya jingine, hata la mwisho. Mimi bado nimeshika kikombe.

Fundi mkuu alifurahi mpaka akamwita muuza mbao aje aone. Nami nikasema mashaallah. Kwetu mtu husema mashaallah ili jicho lake lisidhuru. Mimi niliisema ili jicho langu lisionekane.

Tangu hapo roho haikutulia. Akisalimia, naitikia kwa nusu mdomo. Akisema "hii faili ingine", namsahihisha Kiswahili chake mbele ya wateja, na yeye anacheka, anashukuru, anarudia vizuri. Hilo nalo lilinikera. Kila ilipoendeshwa ile skripti niliomba ikosee. Wapi! Maua yalitoka maua, nakshi za mikufu zilitoka mikufu, na wateja walisifu. Kazi yangu ikawa kupokea simu na kuagiza msasa. Fundi mkuu alianza kuwaelekeza watu kwa huyo binti, mbele yangu, kama kwamba mimi ni stuli.

Kisha ikaja kazi ya msikiti mdogo upande wa Kinondo. Walitaka ubao wa kuweka juu ya mlango, wenye Bismillahi nzima katikati na maua pembeni. Ubao wenyewe waliuleta wao, mbambakofi wa zamani uliotolewa kwenye nyumba ya babu yao mmoja, mpana, mzito, ambao siku hizi hupati hata ukizunguka Kwale nzima. Fundi mkuu aliupapasa kwa kiganja akasema huu ni wa kuchongwa mara moja tu. Asubuhi ya kuchonga alikwenda Tiwi kufunga milango ya mteja, akatuachia sisi wawili.

Binti aliendesha skripti yake, akalifungua umbo kwenye kioo, akaniita.

"Dada, mimi hizi herufi sizijui. Hebu niangalizie kama ziko sawa kabla sijakata."

Nikainama. Niliona kwa mtupo mmoja wa jicho. Mwandiko wa Kiarabu, ambao husomwa kutoka kulia, ulianzia kushoto na kuishia kulia, herufi zote zimegeuka, vile unavyosoma maandishi kwenye kioo cha kujitazamia. Nimesoma chuoni kwa baba yangu tangu meno ya utotoni. Hilo mtoto wa darasa la kwanza angeliona. Na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulifurahi.

"Ziko sawa," nikamwambia.

Akasema asante akaenda kuufunga ubao kwenye mashine. Nikatoka nje nikakaa kwenye baraza. Nilijiambia kwamba atagundua mwenyewe. Nikajiambia kwamba mashine ina kitufe chekundu, naweza kuinuka wakati wowote. Nikasikia meno ya mashine yakiuma mbao, na ule mlio ukaendelea, ukaendelea. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Nikatia udhu, nikasali kwenye chumba cha nyuma, nikaisoma Bismillahi kwa ulimi wangu huku upande wa pili wa ukuta inachongwa kinyume, na sikukatiza sala. Nilipotoa salamu, mashine ilikuwa imenyamaza.

Fundi mkuu alirudi alasiri. Aliutazama ubao, akavua kofia, akaishika mkononi muda mrefu. Nilitegemea kelele, lakini alizungumza kwa sauti ya chini sana, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alituuliza nani aliyekagua.

Nikajua yamenifika. Nilikuwa nimekwisha andaa maneno: sikuwa na miwani, niliangalia harakaharaka, nilikuwa na simu. Binti akatangulia. Alisema ni yeye peke yake, alifanya haraka, hakumwonyesha mtu. Aliyasema hayo akitazama sakafu. Nikajitia hamnazo.

Vumbi la mbao lililotoka kwenye herufi tulilikusanya kwa mikono, kwa kuwa huwezi kulifagia jina la Mungu wala kulikanyaga, tukalifukia nyuma ya karakana. Ubao ulifungwa kwa shuka jeupe. Fundi mkuu alikwenda Kinondo mwenyewe kuomba radhi. Aliporudi alitangaza kwamba faili zote zinarudi kwangu, na skripti isiguswe tena. Binti akapelekwa kupiga msasa.

Basi nikapata nilichokitaka. Nikafungua faili, nikalisimamisha umbo, nikahifadhi, nikafunga. Kila saa nilimwona pale mlangoni, nywele zimejaa vumbi, anasugua miguu ya vitanda, haninuni. Laiti angeninunia.

Siku ya nne alikuja nilipokuwa nakula wali wangu, akaketi. Aliniambia ameligundua kosa. Ili kulisimamisha umbo, aligeuza upande mmoja kwa alama ya kutoa, na ile alama ikabadilisha kushoto kuwa kulia. Maua na mikufu iko sawasawa pande zote mbili, ndiyo sababu wiki zote hizo hakuna aliyeona. Amekwisha sahihisha mstari wenyewe. Akaomba niupokee mimi, niutumie, macho yangu yapumzike.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia fundi mkuu kwamba alinionyesha.

Akashusha sauti, ingawa tulikuwa peke yetu. Alisema anajua kila mtu hapa huniheshimu kwa sababu ya baba yangu. Ingekuwa aibu kubwa watu wajue kwamba kumbe sijui kusoma zile herufi. Hata kwao kuna watu hushika kitabu cha nyimbo kanisani na hawajui kusoma, si dhambi. Siri yangu iko kwake, nisiwe na wasiwasi.

Nikaisukuma kando sahani ya wali. Nilimwona amenihurumia kwa moyo safi, na nikaona njia mbili tu. Ningeweza kunyamaza nibaki mjinga machoni pake, binti wa mwalimu asiyejua alifu wala be, naye angenihurumia hadi kufa kwake. Au ningesema kweli. Kiburi changu hakikuweza ile njia ya kwanza. Usije ukadhani ni toba. Nilikuwa na hasira. Yaani huyu naye anihurumie mimi!

"Najua kusoma," nikamwambia. "Niliona tangu mwanzo. Nilikuacha ukate."

Aliangalia mikono yake, ilikuwa imechubuka vidoleni kwa msasa. Nikangoja anitukane, na nilikuwa tayari, hata ningeshukuru. Alisimama, akajipangusa vumbi la sketi, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Bora ungekuwa hujui," akasema.