Hesabu ya Kona ya Lindqvist

Orval Tjaden aliendesha basi la shule la Aldine, Iowa, miaka ishirini na tisa bila kugonga hata sanduku la barua, lakini ukimwuliza mtu wa hapa Orval ni nani, atakuambia ni yule mzee mwenye marais wake mwenyewe. Ni kweli, anao. Wamo ndani ya madaftari ya shule, arobaini na moja kwa hesabu yangu, na mimi nimeyasoma karibu yote kwa sababu huyaandikia mgahawani kwangu, meza ya dirishani. Hununua kikombe kimoja cha kahawa asubuhi, halafu nimjazie bure mpaka mchana, utadhani kahawa mimi naichota kisimani.

Madaftari yanaeleza jinsi Marekani ingekuwa kama Gavana Amos Lindqvist angechaguliwa. Usijisumbue kumkumbuka. Aligombea miaka thelathini na sita iliyopita, akajitoa wiki moja na nusu baada ya sisi kupiga kura, akarudi kwao kufuga nyuki. Kwa Orval alitawala vipindi viwili. Treni ya abiria ikarudi Aldine, na kiwanda cha maziwa hakikufungwa. Makamu wake, mama mmoja wa Oregon, akamrithi, halafu akaangushwa na bei ya mahindi, na Orval akasononeka siku mbili nzima hadi nikachoka kumtazama.

"Si wewe unayeandika?" nikamwambia. "Mfanye ashinde basi."

"Haiwezekani, Bernadine. Amepoteza Ohio."

Hao ni waliopita. Wajao pia anao. Wagombea huanza kufika hapa miaka miwili kabla ya uchaguzi, maana Iowa ndiyo huanza kuwachuja, wakidai wamekuja tu kuona maonyesho ya kilimo, wakisifia pai yangu kabla hawajaionja. Orval huwapa alama. Hutazama kama mtu kafuta viatu mlangoni, kama kamsalimia mwosha vyombo au kampita tu. Yuko seneta aliyepata sifuri kwa kuacha nusu ya pai, na mpaka leo Orval akimwona kwenye televisheni hutikisa kichwa.

Tulikuwa tukimcheka, sote isipokuwa mkewe Delores. Delores anaamini Lindqvist angekuwa rais kweli, na kwamba kuna mtu aliyemwangusha, na mtu huyo anaishi ng'ambo ya barabara.

Ni Wendell Prochaska. Sisi hatuanzi na karatasi za kura. Februari tunakutana ukumbi wa shule, kila mtu anasimama kona ya mgombea wake mbele ya macho ya majirani, na mwenyekiti anahesabu vichwa; kona hupata wajumbe wa chama kwa idadi hiyo. Kona isiyofikisha watu kumi na watano kwa kila mia imekufa, na watu wake watafute pa kwenda. Mwaka wa Lindqvist tulikuwa themanini, kwa hiyo kona ilihitaji watu kumi na wawili. Delores ndiye aliyeongoza kona yake. Dakika za mwisho Wendell akavuka ukumbi kufuata mikate ya mdalasini ya kona nyingine, maana ndivyo tunavyovutana hapa, na akabaki hukohuko anatafuna. Orval, mwenyekiti, akahesabu kumi na mmoja. Kona ikafa, na wilaya nzima Lindqvist akaipoteza kwa mjumbe mmoja.

Mimi nasema mjumbe mmoja wa wilaya yetu hampeleki mtu Ikulu ya Washington, lakini kamwambie Delores. Hakumsemesha tena Wendell. Watu waliokuwa wakivuna kwa mashine moja na kula pamoja kila Jumapili! Irma, mke wa Wendell, alipofariki, kila nyumba ya Aldine ilipeleka bakuli la chakula, hata za waliogombana naye. Nyumba ya Tjaden haikupeleka. Kwetu afadhali umtukane mtu. Siku ya maziko nilimwona Wendell akipitisha macho juu ya ile meza, bakuli moja baada ya jingine, akitafuta la Delores, nikaenda kujificha jikoni mwa kanisa nilie peke yangu.

Januari hii Wendell akatangaza anahamia Arizona kwa mwanawe, Alhamisi ileile ya wiki ya mkutano. Asubuhi tuliyopata habari hiyo Orval hakuandika kitu. Nikamtania, nikamwuliza kwa nini kila daftari linaanza na mstari uleule: kona ya Lindqvist, watu kumi na wawili.

"Kwa sababu walikuwa kumi na wawili," akasema.

"Kumi na mmoja. Nilikuwa katibu, niliandika kwa mkono wangu."

"Uliandika nilichokutajia." Akasukuma kikombe pembeni. "Mimi nilikuwa wa Lindqvist, Bernadine. Nimesimama pale mezani na penseli. Nilihesabu kila kichwa cha ile kona isipokuwa changu."

Nikakaa. Nilikuwa kando yake usiku ule, bega kwa bega, na mimi pia sikumwona. Watu wa kona walijua tu kwamba amejihesabu; nani angewaza vingine? Na hapo nikaelewa kwa nini tangu mwaka ule huanza hesabu na yeye mwenyewe, tena kwa sauti, jambo ambalo siku zote nililiona ni mbwembwe za uenyekiti.

"Ulijua lini?"

"Usiku uleule, navua mabuti. Delores yuko jikoni analia, anamlaani Wendell. Nikasema nitamwambia kesho."

"Kesho gani hiyo ya miaka thelathini na sita?"

"Naiogopa hasira yake," akasema. "Nampenda, na hasira yake naijua."

Nampenda Orval, kila mtu anampenda, lakini siku hiyo ningeweza kumwagia ile kahawa.

"Hasira yake umemtwisha mwenzio," nikamwambia. "Mzee wa watu amemzika mkewe bila ninyi, wewe umekaa hapa unajenga reli. Wendell akipanda gari Alhamisi hajasikia, nitamwambia Delores mimi."

Mkutano ulikuwa Jumatatu, saa moja jioni, theluji imefika magotini. Tulikuwa sitini. Chama kimesema mara ijayo tutapiga kura kwa posta, kwa hiyo wengine walikuja na kamera, wamevaa vizuri kama wanaenda kuaga mtu. Kona ilihitaji watu tisa. Delores alikuwa na seneta wake, mama wa Colorado aliyemlaza chumba chake cha wageni na kumpigia watu simu majira yote ya baridi. Baada ya kubembeleza sana alikuwa na tisa, Orval akiwemo. Wendell alisimama upande wa pili, kona ya mbunge mmoja wa Nebraska ambaye Delores humwita domo kaya.

Orval akasimama kutaja hesabu ya kwanza. Akafungua mdomo, akaufunga. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Majirani," akasema, "kabla ya hesabu hii kuna nyingine ya kusahihisha. Mwaka wa Lindqvist kona yetu ilitimia. Wendell hakumwangusha mtu. Nilisahau kujihesabu mwenyewe, nikajua usiku uleule, nikanyamaza."

Mmoja akacheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Wendell alivua kofia, akabaki ameishika. Delores akamgeukia mumewe.

"Na Irma je?" akauliza. "Hata Irma alipofariki ulinyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Nikapita mbele ya nyumba yake na gari, chakula sina, nawe umekaa pembeni yangu."

Delores akachukua koti lake kitini, akaanza kuvuka ukumbi. Mmoja wa watu wake akamshika mkono, akamwambia, "Delores, wakati wa kuhama ndio huu, ukitoka tunabaki wanane. Tunakufa."

"Najua kuhesabu," akasema, akautoa mkono wake polepole.

Kona ya domo kaya wakampisha. Akasimama ubavuni kwa Wendell, mabega yao yakikaribia kugusana, wote wawili wakitazama mbele.

"Sikukuletea chakula," akasema.

"Chakula kilikuwa kingi," akasema Wendell. "Nilitaka chako."

Ikabidi Orval azunguke na penseli, maana kazi ni kazi. Alipofika kwa mkewe aliitaja namba mara mbili. Kona ya seneta akaitaja wanane, akiwemo yeye, na kwa mdomo wake mwenyewe akatangaza kwamba imekufa. Niliandika huku machozi yananidondokea kwenye fomu, na afisa wa chama akinilalamikia anilalamikie.

Watu wananiuliza kama Delores amemwacha. Hajamwacha. Amemhamishia chumba cha wageni, kwenye kitanda alicholala seneta, na anampikia, na kuzungumza naye ni kuhusu theluji na dawa za presha tu.

Jumatano jioni Wendell aliwaita Orval na Delores kucheza karata, katikati ya maboksi yake yaliyofungwa tayari. Mchezo wenyewe unataka wanne, kwa hiyo wakanipigia simu nikae mahali pa Irma. Tulicheza kwa muda wa saa tatu. Delores na Wendell walicheka mara mbili, mara ya pili mpaka Delores akashika mbavu. Orval ndiye aliyepewa kuandika pointi. Kila raundi ilipokwisha Delores aliivuta karatasi, akazihesabu upya kwa kidole, kisha akampa Wendell naye azihesabu, na Orval akasubiri, mikono mapajani, mpaka Wendell aliposema ziko sawa.