Udongo Tulioupika Juu ya Paa

Wewe unayenisikiliza, labda nawe unaishi ghorofani, mlango wako ukitazamana na wa jirani, na maganda ya viazi unayatupa tu kwa sababu huna pa kuyapeleka. Basi keti kidogo. Nitakueleza jambo nililolishika kwa mikono yangu na ambalo hadi leo sijalizoea.

Mama alihamia kwangu mtaani Kware kwa sababu ya ugonjwa wa moyo. Kwao, upande wa Magharibi, hospitali iko mbali. Hapa anafika kliniki kwa miguu. Lakini Kware ni saruji na mitaro. Mama alilima maisha yake yote, na sasa alishinda akitazama ukuta. Asubuhi moja akasema, "Kama udongo haupo, tutaupika."

Keateka, msimamizi wa ploti yetu ya kupanga, akaturuhusu kuweka pipa la plastiki juu ya paa, kando ya kamba za nguo. Tukawa tunatia maganda ya viazi na ndizi, mashina ya sukuma wiki na maganda ya mayai. Mama akamwagia pia chai iliyobaki na maji ya kuoshea mchele, kama alivyozoea kumwaga shambani. Shamba hunywa. Pipa lisilo na tundu halina pa kupeleka maji, na haikuchukua muda likaanza kunuka.

Jirani yetu wa chini, mama wa Kiislamu anayeuza mitumba sokoni Muthurwa, alipanda kuanua nguo akabaki akilinusa buibui lake.

"Mama, nikienda harusini na hili, wataniuliza samaki ni pesa ngapi."

"Waambie ni mbichi, wa leo," mama akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Keateka, ambaye humwita mama Shosh kama bibi yake, hakucheka. "Shosh, nakuheshimu, lakini hii kitu inanuka noma. Jumamosi nikipanda nipate bado inanuka, naishukisha."

"Ukiishukisha, nami nashuka nayo. Narudi kwangu."

Namjua mama. Sauti ile hakuitumia kwa mzaha. Nikaiwazia barabara ya kule wakati wa mvua, na moyo wake.

Nilipochimba ndani ya pipa kwa mwiko, chini kulikuwa na maji meusi matupu. Jirani akachungulia. "Limezama hili. Halipumui." Akashuka, na jioni akarudi na gunia la maranda kutoka kwa fundi wa viti aliye karibu na kibanda chake, ambaye huyachoma kila siku. Tukatoboa pipa kwa msumari wa moto, chini na ubavuni, maji yakachuruzikia kwenye beseni. Uchafu tukaumwaga juu ya turubai, tukauchanganya na maranda hadi ukaacha kushikana, kisha tukaurudisha.

"Usishindilie," mama akaniambia. "Wacha ulale wenyewe."

Kesho yake nilipotia mkono niliutoa haraka. Ndani kulikuwa na joto. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na nilipofukua kidogo mvuke ukapanda, mweupe, taratibu, kama sufuria iliyofunuliwa. Hakuna moto tuliowasha. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vilikuwa vinakula maganda yetu, na kula kwao kulikuwa kunatupasha mikono joto. Nilisimama pale nikitazama madirisha ya ghorofa zote zile, nikifikiria kila jikoni, kila ganda. Moto wote huo hutupwa mtaroni.

Jumamosi keateka akapanda. Akanusa, akazunguka pipa, akanusa tena. Mama akamwambia atie mkono. Akasita, akautia.

"Shosh, umeficha jiko humu?"

"Jiko gani? Ni maganda ya viazi."

Hakuutoa mkono upesi. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, "Lisogezeni tu mbali na kamba." Mama akashika upande mmoja wa pipa, nami nikamwomba auachie, kwa sababu ya moyo. Akakataa, akacheka. Hakuzungumza tena habari za kurudi.

Baada ya miezi kadhaa tukalifungua. Viazi havikuwepo, ndizi hazikuwepo. Kulikuwa na udongo mweusi unaonukia mvua, na vipande vya maganda ya mayai tu. Sasa mama ana mboga za kunde na mrenda kwenye magunia ya udongo huo.

Nawe anza leo. Toboa ndoo chini na ubavuni. Kila ukitia bakuli la maganda, yafunike kwa mabakuli mawili ya maranda makavu. Kisha chota kidogo, ukifinye mkononi: kikidondosha maji, ongeza maranda.