Filamu mbele ya Maman Pasta

Bandugu, leo kidogo banifukuze kwaya!

Munakumbuka yule mutengenezaji wa filamu mwenye nilibasifia hapa, yule wa kuchokonoa ndoa za bantu? Nilipata filamu yake ingine kule mutaani Kawale.

Niko naangalia kwangu hapa kambini Dzaleka, Maman Pasta wetu mupya, bibi ya pasta, akaingia, akakaa.

Filamu iko Kifaransa. Nikamutafsiria, kama vile tunatafsiriaka mahubiri.

Mule mu filamu, bibi moja akaambia bwana yake: "Kila usiku naombaka ufe."

Mi nikatafsiri: "Anasema kila usiku anaombeaka bwana yake."

(Ninyi mungesema nini?)

Maman Pasta akanigeukia pole pole.

"Mwanangu, mi nilifundishaka Kifaransa Bukavu."

Jasho!

Kisha akacheka mpaka kitenge kikafunguka.

"Uko na ingine ya huyu muntu? Weka. Lakini we unyamaze."